Ngoma isisubiri mgeni rasmi: namna ya kutumia sanaa kuinua ukumbi wa jamii baada ya maafa

Jumapili ya 3 Desemba 2023 asubuhi, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi vijiji vya Gendabi na Jorodom na mji mdogo wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walifariki, na walionusurika wakahifadhiwa shuleni. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mahali. Baada ya tetemeko au mafuriko, madarasa, makanisa, misikiti na kumbi za vijiji huweza kugeuka mabweni, maghala ya unga na vituo vya afya kwa wakati mmoja. Miezi michache baadaye waathirika wanahama, mashirika yanafunga mahema yao, na ukumbi unarudishwa kwa wenyeji ukiwa na kuta zenye ukungu, viti pungufu na ufunguo ambao kila mtu anadhani uko kwa mwenzake.

Mwongozo huu ni wa kamati inayoupokea ukumbi wa namna hiyo na haina fedha, ila ina kwaya mbili, kikundi cha ngoma, mchora mabango na vijana wasiokaukiwa maneno.

Sanaa huwa haikosekani kwenye maafa yetu. Tatizo ni kwamba hupewa kazi moja tu, kumchezea mgeni rasmi anapokabidhi magodoro. Kina mama waliofiwa wanapangwa juani tangu saa tatu, mgeni anafika saa saba, ngoma inapigwa dakika nne, picha zinapigwa, wanatawanyika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya mwisho kabisa ya kukipa kikundi cha sanaa. Ukumbi una kazi nyingine nyingi zinazowasubiri: kuwarudisha watu ndani, kusikiliza manung'uniko kabla hayajawa ugomvi, kufundisha njia za kukimbilia, kutafuta fedha za bati. Kila kikundi kipewe mojawapo.

Hatua ya 1: Jengo kwanza, shamrashamra baadaye

Msiite watu ndani ya jengo ambalo halijakaguliwa. Mwombeni mkurugenzi wa halmashauri, kwa barua inayopitia kwa mtendaji wa kijiji au kata, awatumie mhandisi. Baada ya tetemeko anatazama nyufa, hasa zile zinazokatiza ukuta kwa mshazari kutoka pembe za madirisha, na mahali kenchi zinapolalia ukuta. Baada ya mafuriko anatazama msingi, kwa sababu maji huchimba chini bila ukuta kuonyesha dalili yoyote kwa wiki kadhaa. Umeme usiwashwe kabla fundi mwenye leseni hajapima nyaya na soketi zilizolowa. Choo nacho ni sehemu ya ukumbi: shimo lililojaa maji ya mafuriko halifai kuhudumia watu 200 siku ya tamasha.

Kama ukumbi haufai, fanyeni kazi nje. Mji wa Christchurch, New Zealand, ulipigwa na tetemeko la 22 Februari 2011 lililoua watu 185, na katikati ya mji kukabaki viwanja vitupu. Mwaka uliofuata kikundi cha Gap Filler kikaweka kwenye kiwanja kimojawapo sakafu ya kuchezea, spika, na mashine kuukuu ya kufulia. Unatumbukiza sarafu, unaunganisha simu yako, muziki unapigwa, unacheza. Kumbi za dansi zilikuwa zimebomoka, lakini watu walicheza. Kwetu inatosha spika ya kuchaji, turubai na kivuli cha mwembe, na hakuna haja ya sarafu.

Hatua ya 2: Kamati ndogo, kazi moja

Watu watano wanatosha: mtu wa fedha anayeaminika, mwakilishi wa vikundi vya sanaa, mama mmoja na kijana mmoja kutoka familia zilizoathirika, na mtu wa serikali ya kijiji au mtaa. Huyu wa mwisho msimruke. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia mkoa hadi kijiji na mtaa, na shughuli yoyote inayogusa waathirika au michango itaulizwa huko. Afadhali waisikie kutoka kwenu kuliko kwenye tetesi.

Kikao cha kwanza kijibu swali moja: miezi mitatu ijayo ukumbi huu unataka nini zaidi? Kama jibu ni watoto wapate pa kushinda wakati wazazi wanajenga, sanaa yenu ni ya watoto. Kama ni ugomvi wa orodha za misaada, anzeni na igizo. Kama ni bati, hapo ndipo tamasha. Kamati inayotaka vyote kwa pamoja itaishia kununua fulana.

Hatua ya 3: Hesabuni mlicho nacho

Pita nyumba kwa nyumba, au kambini hema kwa hema, na daftari. Usiulize "nani ni msanii?" kwa sababu wengi watatikisa kichwa. Uliza nani anaongoza wimbo msibani, nani hushona shanga, nani aliandika maneno ya pale kwenye duka la dawa, nani anawamba ngoma, nani anachekesha watu kisimani. Andika na kilichopotea: vinanda vilivyozama, sare za kwaya, manyanga, ngoma zilizopasuka. Orodha hiyo ya pili ndiyo ombi lenu la kwanza kwa wafadhili. Ni ombi rahisi kutimizwa, na karibu hakuna anayelileta mezani.

Hapo hapo waulize wazee kipi hakipandi jukwaani. Hanang wanaishi Wabarbaig, Wairaqw, Wanyaturu na wengine. Wabarbaig, kwa mfano, wana mazishi ya heshima ya wazee wao, bung'eeda, yenye nyimbo na taratibu zenye wenyewe. Kuchukua wimbo wa mazishi ukautia kwenye onyesho la kuchangisha fedha ni kuwatukana watu wakiwa bado wanalia. Na zipo jamii ambazo ngoma haipigwi kabisa mpaka matanga yaishe. Subirini.

Hatua ya 4: Watoto, taratibu sana

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wenye nia njema wanapoharibu.

Mtaona programu za kuwapa watoto karatasi na kuwaambia wachore siku ya maafa. Msifanye hivyo. Mtoto aliyeona tope likimchukua dada yake hana deni la kukuchorea. Mpe karatasi ya manila, kalamu za rangi, na umwambie achore anachotaka. Siku ya kwanza wengi watachora magari, mpira, nyumba yenye bendera. Mmoja anaweza kupaka ukurasa mzima rangi ya udongo kisha akaukunja. Usimuulize maana yake mbele ya wenzake. Kaa karibu naye, mwachie akunje, mwambie karatasi nyingine ipo. Akitaka kusema atasema, huenda kesho, huenda asiseme kamwe.

Vivyo hivyo ufinyanzi. Mahali pengine udongo ni mchezo mzuri wa watoto, lakini kwa watoto wa maporomoko, harufu ya tope bichi inaweza kuwarudisha kule kule. Wekeni udongo pembeni, anayetaka auendee mwenyewe.

Kinachosaidia zaidi ni ratiba isiyobadilika. Siku zile zile, saa ile ile, mlango ufunguliwe na mtu yule yule. Anzeni na wimbo wa duara wanaoujua, fuateni na mchezo wa kukimbia, kisha kuchora au kusuka ukili, malizieni na wimbo ule ule wa kufungulia. Dakika 90 zinatosha. Kila kundi la watoto 20 liwe na watu wazima wawili, wasibaki peke yao na mtoto faraghani, na majina yao yajulikane kwa ofisa ustawi wa jamii. Mtoto asiyelala, asiyesema kwa wiki kadhaa, au anayejiumiza anahitaji msaada kuliko wimbo: mpelekeni kwa ofisa huyo, au pigeni Simu ya Mtoto 116, ambayo ni bure.

Picha za watoto na michoro yao zisiende mtandaoni. Mfadhili akitaka ushahidi, mpigieni picha ukumbi uliojaa viatu mlangoni.

Hatua ya 5: Igizo linalokatizwa

Mwaka 1982 na 1983, wasanii na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Kwimba, wakafanya kazi ya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji. Njia waliyoifuata bado haijapitwa: unakaa na watu na kukusanya habari, mnachambua pamoja, mnatunga kwa ngoma na mashairi ya pale pale, mnaonyesha, halafu mnajadili. Sehemu ya mwisho ndiyo yenyewe. Igizo bila mjadala ni burudani, na burudani watu wanayo kwenye simu.

Tumieni igizo kwa jambo linalowakereketa watu lakini hakuna anayelisema kikaoni. Karibu kila mara ni orodha. Tungeni tukio fupi, dakika tano:

Mwenyekiti ameketi na daftari. Foleni. Mama anafika mbele.
"Mama, jina lako silioni."
"Angalia vizuri, mwenyekiti. Nyumba yangu imeondoka na choo chake."
"Naona hapa jina la shemeji yako."
"Shemeji anaishi Singida!"
Kijana nyuma ya foleni: "Mama, msituchelewesheee."

Hapo mchekeshaji anapiga filimbi. Wahusika wanaganda. Mwongozaji anawageukia watazamaji: mama huyu afanye nini sasa hivi? Anayejibu anaitwa aje achukue nafasi ya mama na ajaribu mwenyewe. Mmoja atapiga kelele, mwingine ataomba orodha ibandikwe ukutani, mwingine atamwita balozi aje kushuhudia. Kila jaribio linachezwa, na mwenyekiti wa kwenye igizo anajibu kama wenyeviti wanavyojibu. Baada ya majaribio matatu au manne kijiji kizima kitakuwa kimeona njia ipi inafika na ipi inaishia kwenye matusi.

Sharti moja: mwenyekiti halisi aambiwe mapema kwamba kutakuwa na igizo la orodha, na mhusika asivae kofia yake wala kuiga mwendo wake. Mkimdhalilisha mtu mmoja, jioni hiyo itakuwa yake na orodha itasahaulika. Mtu mmoja aandike mapendekezo yaliyotoka kwa watazamaji, na yasomwe kwenye mkutano wa kijiji unaofuata.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa kufundisha dalili za hatari: mto uliopungua ghafla wakati mvua inanyesha mlimani, maji yaliyobadilika rangi, mngurumo. Ukiyaona hayo, unakimbilia wapi, na nani anambeba bibi?

Hatua ya 6: Ukuta

Rangi ndiyo inayoonekana haraka, kwa hiyo kila mtu hutaka kuanza nayo. Ukuta uliolowa msiupake mapema. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita ukutani, kizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache siku mbili. Ukikuta matone ndani yake, unyevu bado upo na rangi itabanduka. Plasta mpya nayo ingoje kama siku 28.

Hesabu ya rangi ni hii. Ukumbi wa mita 12 kwa 8 una mzunguko wa mita 40. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3 ni mita za mraba 120, toa kama 20 za milango na madirisha, zinabaki 100. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, hivyo mikono miwili inataka lita 20, ndoo moja kubwa. Plasta yenye mikwaruzo hunywa zaidi, ongezeni robo. Safisheni ukungu na kuupaka ukuta rangi ya msingi kwanza.

Kisha chagueni ukuta mmoja, mmoja tu, kwa mchoro. Pendekezo langu ni ramani: mlima, mito, barabara, shule, zahanati, mahali pa juu pa kukimbilia, na mstari unaoonyesha maji au tope vilifika wapi. Mwiteni mchora mabango wa mtaani, yule anayeandika "Hapa hatukopeshi", kwa sababu mkono wake tayari unajua ukuta. Mchoro wa karatasi wenye sentimita 60 kwa 30 ugawanywe miraba ya sentimita 5, na ukuta wa mita 6 kwa 3 ugawanywe miraba ya sentimita 50. Kila mraba wa karatasi unahamia kwenye mraba wake, na hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kupewa mraba wa kujaza. Kabla ya rangi kukauka, wazee wapitishwe mbele ya ramani. Watabishana kuhusu jina la korongo fulani nusu saa nzima. Waacheni wabishane, ramani itatoka sahihi.

Majina ya marehemu yasiandikwe bila ridhaa ya kila familia. Mkikosa ridhaa ya wote, msiandike hata moja.

Hatua ya 7: Tamasha la kuchangisha

Likifika zamu yake, lipangeni kama biashara. Vibali kwanza: barua kwa mtendaji, kibali kupitia ofisa utamaduni wa halmashauri, taarifa polisi. Mkipiga nyimbo za watu wengine ulizeni habari za hakimiliki mapema. Siku nzuri ni inayofuatana na mnada au gulio, watu wakiwa na fedha mfukoni. Epukeni wiki ya kufungua shule.

Fedha ziingie kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la ukumbi au kikundi kilichosajiliwa, yenye watia saini wawili. Namba ya simu ya mtu binafsi, hata awe mchungaji, msiikubali. Na kuna jambo ambalo mgeni hatalikumbuka: kutunza. Kwenye taarabu na hata kwenye kwaya, watu hupanda jukwaani kumtunza mwimbaji. Fedha hizo ni za nani? Kubalianeni na wasanii kabla ya tamasha, na MC alitangaze jukwaani: "Leo tuzo zote zinaingia kwenye kapu la bati." Au mgawane nusu kwa nusu. Makubaliano yoyote ni sawa ilimradi yamesemwa kwa sauti.

Wasanii walipwe. Kidogo, lakini walipwe, hasa wale ambao wenyewe wamepoteza nyumba. Kumwambia mtu anayelala kwenye turubai acheze bure ili kuisaidia jamii ni kumsahau kwamba yeye ndiye jamii. Nauli, chakula na bahasha viingie kwenye bajeti kabla ya spika.

Pembeni ya jukwaa wekeni meza ya kazi za mikono: shanga, vikapu, batiki. Kanga yenye jina la tukio huwajia wengi akilini haraka, ila viwanda hutaka oda kubwa, na doti zisizonunuliwa zitalala ukumbini mpaka panya wazijue. Batiki mnaweza kutengeneza wenyewe kwa idadi ndogo. Angalizo: kostiki soda inayotiwa kwenye rangi za batiki huunguza, hivyo glovu zivaliwe, kazi ifanyike nje, na sufuria ya dawa isirudi jikoni tena.

Ndani ya siku saba, karatasi ibandikwe kwenye mlango wa ukumbi: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki, na nakala za risiti. Vijijini karatasi hiyo inasomwa kuliko gazeti.

Hatua ya 8: Siku ya kumbukumbu

Mwaka ukizunguka, watu watakuja hata msipowaita. Viongozi wa dini zote za pale wagawane dua fupi, kwaya na kaswida ziimbe, hotuba isizidi moja. Atakayesema ni mwenyeji. Wageni, hata wakubwa, wapewe viti wakae. Mkiweza, fanyeni saa ile ile tukio lilipotokea, na msirudishe sauti za kuogofya kwa spika au ngoma za kishindo. Kuna watu hapo ambao mngurumo bado unawatoa jasho.

Hatua ya 9: Ratiba ya kawaida

Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea kwenye kituo chao cha jamii ukumbi wa wazi wa kuchukua watu wapatao 2000, kwa nguvu zao wenyewe. Serikali ya Kenya iliubomoa mwaka 1982. Watu hawajengi ukumbi wa namna hiyo kwa ajili ya tamasha moja la mwaka. Wanajenga kwa sababu wapo pale kila wiki.

Kwa hiyo ratiba ya wiki ndiyo inayoubeba ukumbi: Jumatatu mazoezi ya kwaya, Jumatano watoto, Alhamisi kina mama wa vikoba na ushonaji wa shanga, Jumamosi ngoma na sarakasi za vijana, Jumapili jioni ukumbi unakodishwa kwa sherehe. Kodi ya sherehe inalipa umeme na mlinzi. Kikundi kinachofanya mazoezi bure kinalipa kwa kufagia na kwa kutumbuiza mara mbili kwa mwaka kamati ikihitaji. Andikeni hayo kwenye karatasi moja na watie saini.

Funguo ziwe tatu, kwa watu watatu, na majina yao yaandikwe mlangoni. Ngoma za ngozi msiziache sakafuni wala zisiegemee ukuta uliowahi kulowa, kwa sababu ngozi hulegea na kuoza. Zitundikeni kwenye kenchi mbali na dirisha, na kabla ya kupiga ziotesheni moto au jua mpaka sauti ikaze. Vinanda na spika viwekwe juu ya meza, kimo cha kifua, upande wa ukumbi ulio mbali na mto.